DAWA NI KIPIMO
Somo juu ya alkaloidi, uchungu uliomo ndani ya mimea



Ndugu zetu wa darsa wametuuliza mara nyingi swali hili: Je, dawa za miti ni dawa kweli, au ni dhana tu? Na wenye kulijibu swali hili mabarazani ni mafungu mawili. Fungu la kwanza husema kwamba kila kiotacho ardhini hakidhuru, na kwamba vidonge vya hospitali ndivyo vyenye madhara. Fungu la pili ni la vijana waliosoma kidogo. Hao wakimwona bibi anachemsha majani hucheka, wakasema huo ni ujinga wa zamani. Sisi twaona mafungu yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: hapana katika wao aliyeshika mizani.

Tutakalo kulithibitisha katika somo hili ni kwamba dawa iliyomo ndani ya mti ni kitu hasa, chenye jina lake na uzito wake. Chaweza kutolewa, kutengwa na wenzake, na kupimwa. Na yeyote ampaye mgonjwa kitu asichokipima hajui ampa nini, awe ni mganga, awe ni mama, awe ni mwenye duka.

1. ALKALOIDI NI NINI?

Jina hili lisikutishe, ewe msomaji, kwani asili yake ni Kiarabu. Watu wa kale katika nchi za Kiarabu walikuwa wakichoma mimea ya chumvichumvi iotayo jangwani na ukingoni mwa bahari, na majivu yake wakiyaita al-qali. Wakiyatumia kutengenezea sabuni na kioo, nayo ni jamaa ya magadi tuyatumiayo majumbani. Watu wa Ulaya wakalichukua neno hilo wakasema "alkali". Kisha mwaka 1819 mtengenezaji dawa mmoja wa Kijerumani, Carl Meissner, alitaka jina la vile vitu vichungu vilivyokuwa vimeanza kutolewa katika mimea. Aliona tabia yake yafanana na tabia ya al-qali, akaviita alkaloidi, yaani vitu vilivyo mfano wa al-qali.

Alkaloidi basi ni vitu vifanywavyo na mmea wenyewe, vyenye nitrojeni ndani yake, na aghlabu ni vichungu sana. Mmea hauvifanyi kwa ajili yetu. Wataalamu waona kwamba vingi katika hivyo ni silaha ya mmea ya kujilinda na wadudu na wanyama wautafunao. Kwa hiyo si ajabu kidogo chake kikaponya na kingi chake kikaua, maana silaha yamfaa ajuaye kuishika.

Wala asidhani mtu kwamba vitu hivi viko mbali naye. Kahawa chungu tunywayo barazani ina alkaloidi iitwayo kafeini, ambayo Mjerumani Runge aliitoa katika buni mwaka huo huo wa 1819. Tumbaku ina nikotini. Popoo ina arekolini. Na mnanaha, mmea ule wa jaani wenye maua marefu kama tarumbeta na matunda ya miiba, una atropini na skopolamini.

2. SIRI YA CHOKAA KATIKA TAMBUU

Alkaloidi zina tabia moja kubwa, nayo ndiyo ufunguo wa elimu yote ya kuzitoa. Alkaloidi ikikutana na kitu kikali cha namna ya ndimu au siki, yaani asidi, hushikana nacho ikawa chumvi, na chumvi hiyo huyeyuka katika maji. Ikitiwa chokaa au magadi, asidi huachana nayo, nayo hubaki peke yake. Na ikiwa peke yake aghlabu huyakimbia maji, ikapenda mafuta au spiriti.

Wazee wetu walaji wa uraibu waijua siri hii kwa ulimi, ijapokuwa hawakuisoma kitabuni. Kwa nini tambuu haitafunwi bila ya chokaa? Kwa sababu chokaa ndiyo iifunguayo arekolini kutoka katika chumvi yake, hata ikaweza kupenya katika nyama ya mdomo na kuingia damuni. Kila afungaye tambuu, basi, amefanya nusu ya kazi ya maabara pasina kujua.

Na maadamu tumeitaja nusu hiyo, haitufalii kuificha nusu ya pili. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilihukumu kwamba popoo yenyewe ni katika visababishavyo saratani kwa binadamu, hata isipochanganywa na tumbaku. Kitu kuwa cha kale na cha heshima katika harusi zetu hakukiondolei sumu yake.

3. KIJANA WA PADERBORN NA KASUMBA

Mtu wa kwanza kuitoa alkaloidi katika mmea na kuonyesha kwamba hiyo ndiyo yenye nguvu ya mmea ule, alikuwa ni kijana Friedrich Sertürner, msaidizi katika duka la dawa la mji wa Paderborn, Ujerumani. Alianza kazi yake kiasi cha mwaka 1804, naye alikuwa na umri wa miaka 21 hivi.

Kasumba, yaani utomvu wa mpopi, ilikuwa ikijulikana kwa maelfu ya miaka kwamba huondoa maumivu. Lakini matabibu wakitaabika nayo. Kipande cha leo kilimlaza mgonjwa, kipande cha kesho cha ukubwa ule ule hakikumpa nafuu, na cha kesho kutwa kilimwua. Sertürner alitambua kwamba yawezekana ndani ya kasumba mna kitu kimoja chenye kazi hiyo, na kwamba kiasi chake si sawa katika kila kipande. Akakitafuta hata akakipata, chembe nyeupe zisizo na harufu. Akakiita jina la mungu wa ndoto katika ngano za Wayunani, nasi leo twakiita mofini.

Alipoandika mara ya kwanza hakusikilizwa sana. Mwaka 1817 alitoa maelezo mengine, na humo alieleza jinsi alivyojijaribia yeye mwenyewe pamoja na vijana watatu. Walikunywa mara tatu katika muda usiozidi saa moja, na jumla ya kila mmoja ilikuwa karibu ya miligramu 90. Wote walipatwa na kizunguzungu na usingizi mzito, hata akaogopa, akawanywesha siki kali ili watapike. Leo mtu mzima asiyeizoea dawa hiyo huanzishwa kwa miligramu 10 hivi.

Tazama, ndugu msomaji. Mtu huyu alikuwa na dawa safi kuliko mtu yeyote duniani wakati ule, na bado alikaribia kuwaua wenzake, kwa kuwa usafi wa dawa ni jambo moja na kipimo chake ni jambo la pili. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwenye chembe safi mkononi, itakuwaje kwa mwenye sufuria ya majani?

4. GOME LA MKWININI

Sasa twaja kwenye mfano ambao kila mtu wa pwani amewahi kuuonja uchungu wake. Mkwinini asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Gome lake lilifika Ulaya katika karne ya 17, likatumiwa kwa homa ya vipindi, ambayo ni malaria. Lakini mara liliponya, mara halikufaa. Wengine wakaliita dawa ya ajabu, wengine wakasema ni udanganyifu; ni yale yale mafungu mawili ya barazani kwetu. Ugomvi huo haukukatwa kwa maneno. Mwaka 1820, mjini Paris, wataalamu wawili, Pelletier na Caventou, walitoa katika gome hilo alkaloidi iitwayo kwinini, na hapo ndipo ilipowezekana kumpa mgonjwa kiasi kijulikanacho.

Na namna ya kuitoa katika viwanda, kwa ufupi, ni hivi. Gome hukaushwa, likasagwa hata likawa unga. Unga huchanganywa na chokaa na maji kidogo, na chokaa hufanya kazi ile ile ya katika tambuu: huifungua kwinini. Kisha unga huoshwa kwa mafuta ya moto ya namna ya mafuta ya taa. Kwinini huingia katika mafuta, na sehemu kubwa ya rangi na ukakasi wa gome hubaki katika machicha. Mafuta hayo hutikiswa pamoja na maji yaliyotiwa asidi ya salfa kidogo. Hapo kwinini huyaacha mafuta, ikashikana na asidi na kuingia majini. Mafuta yakaelea juu, maji yakakaa chini, vikatengwa. Maji yakipunguzwa ukali wake na kuachwa yapoe, chumvi ya kwinini huganda, nyeupe, mfano wa nyuzi za hariri.

Kitu kimoja kimesafirishwa kutoka gome hata mafuta, na kutoka mafuta hata maji, na katika kila safari kimewaacha wenzake nyuma. Hiyo ndiyo maana ya kutoa. Nasi twayaeleza haya ili yafahamike, si ili yafanywe jikoni. Kwani mafuta hushika moto, asidi huunguza, na kitokacho hakina alama ya kuonyesha kipimo chake.

Lakini kisa cha mkwinini hakikuishia hapo. Waingereza walipanda mikwinini mingi huko Bara Hindi, nayo ilimea vizuri, ila kwinini ndani ya gome la aina waliyoipanda kwa wingi ilikuwa mbili au tatu tu katika mia. Mwaka 1865 mfanya biashara mmoja Mwingereza, Charles Ledger, alipata mbegu za mikwinini ya Bolivia. Aliyezikusanya mbegu hizo alikuwa mwenyeji wa nchi hiyo, Manuel Incra Mamani, mtu aliyeijua miti ya kwao mmoja mmoja. Waingereza hawakuzitaka mbegu. Waholanzi wakanunua kiasi cha ratili moja, wakazipanda Java. Miti ilipokua, wakemia wao walikata kipande cha gome cha kila mti, wakakipima. Wakaona mingine ina kwinini kumi katika mia na zaidi. Wakaizidisha iliyo bora na kuiacha iliyo dhaifu, hata kufikia miaka ya 1930 Java ikawa yatoa zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kwinini ya dunia nzima. Mamani yeye alikamatwa kwao alipokuwa akikusanya mbegu tena, akafungwa, akapigwa, naye akafa kwa sababu hiyo mwaka 1871. Faida ilikwenda kwa wengine. Twalitaja jina lake kwa kuwa ni dhulma kumsahau.

Basi na tupige hesabu ndogo. Chukua gramu 10 za gome lenye kwinini mbili katika mia: ndani yake mna miligramu 200. Chukua gramu 10 za gome lenye kumi katika mia: mna miligramu 1000. Macho hayatofautishi unga huu na ule. Mizani ya jikoni yasema ni sawasawa. Mgonjwa mmoja hatapata nafuu, na mwingine masikio yatavuma, macho yataingia kiwi, na huenda moyo wake ukaharibika mwendo. Na wote wawili wameambiwa, "Chemsha konzi moja."

Jambo hili lilionekana hata karibu na sisi. Wajerumani walipanda mikwinini Amani, katika milima ya Usambara nyuma ya Tanga, ambako walianzisha chuo cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Ilipokuja vita ya 1914 na njia ya bahari ikafungwa, wataalamu wa Amani walitengeneza vidonge vya kwinini kwa magome yao wenyewe. Mwaka 1916 Usambara ikawatoka mikononi, na askari wao wakawa hawana ila kuchemsha magome na kunywa maji yake, machungu mno, ambayo kwa mzaha waliyaita pombe ya Lettow, kwa jina la jemadari wao. Mti ulikuwa ni ule ule. Kilichopotea ni maabara.

5. KUTOA NI NUSU, KUCHAMBUA NI NUSU

Huenda mtu akauliza: Mtaalamu hujuaje kwamba alichokitoa ni hicho akitakacho? Jawabu ni kwamba hujiuliza maswali manne, moja baada ya jingine.

La kwanza: Je, alkaloidi imo? Huchukua tone la maji ya dawa na kulitia kitambuzi. Kimoja hutengenezwa kwa bismuthi na iodini, nacho huitwa kwa jina la Dragendorff. Alkaloidi ikiwamo, hutokea rangi ya chungwa. Kingine ni cha Mayer, chenye zebaki, nacho hufanya maji yawe na ukungu mweupe. Lakini vitambuzi hivi vyasema tu kwamba huenda yumo mtu ndani ya nyumba. Havisemi ni nani, wala ni wangapi, na pengine hudanganyika.

La pili: Ni ngapi? Hapa hutumiwa njia iitwayo kromatografia, aliyoivumbua Mrusi Mikhail Tsvet mwanzoni mwa karne ya 20 alipokuwa akitenga rangi za majani kwa bomba lililojazwa chokaa. Mwenye kutaka kuifahamu na atie nukta ya wino mweusi katika karatasi inywayo maji, kisha aichovye ncha ya karatasi majini. Maji yakipanda, wino hugawanyika; rangi moja hutangulia, nyingine hukawia. Kadhalika alkaloidi zilizokuwa zimechanganyika hutawanyika njiani, kila moja kwa mwendo wake.

La tatu: Ni ipi? Iliyotengwa hulinganishwa na iliyo safi na yenye kujulikana: je, mwendo wao ni mmoja? Zayeyuka kwa joto moja? Na siku hizi kuna mashine zipimazo uzito wa chembe yake ndogo kabisa, zikabainisha kwamba ni yenyewe au ni mwenziwe.

La nne: Ni kiasi gani? Nalo ndilo swali lenye kuokoa roho. Kwa mfano, atropini iliyomo katika mnanaha ni dawa ya heshima hospitali. Tone lake hupanua mboni ya jicho ili daktari apate kuona ndani, na sindano yake humwokoa mtu aliyepatwa na sumu ya kuulia wadudu wa shamba. Lakini kipimo chake kwa desturi huanzia sehemu za miligramu moja, na kiasi kilichomo katika mnanaha hubadilika kwa mmea na mmea, kwa mbegu na jani, kwa mahali na majira. Mtoto aliyetafuna mbegu zake hukauka mdomo, ngozi ikawa moto, mboni zikapanuka, akapayapaya na kuona visivyokuwako. Na mara nyingi watu wa nyumbani husema ameingiwa na pepo, wakamwita mtu wa kumpunga, na saa za kumwokoa zikapita. Hayo ni maradhi ya sumu, na mahali pake ni hospitali.

6. UA LILILO MLANGONI KWETU

Lipo ua dogo, la rangi ya waridi au jeupe, lenye vipande vitano bapa na kitovu katikati, liotalo hata katika mchanga wa pwani na kustahimili jua. Watu hulipanda barazani, na pengine huota lenyewe makaburini. Asili yake ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, na jina lake la kitaalamu ni Catharanthus roseus. Katika nchi nyingi za joto watu huchemsha majani yake wakayanywa kwa kutaka kuteremsha kisukari.

Mwaka 1952 tabibu mmoja wa Canada aliletewa bahasha ya majani hayo kutoka Jamaica, akampelekea ndugu yake Robert Noble, mtafiti katika chuo kikuu. Noble akataka kujua kama kweli hushusha sukari. Maji ya majani yalipopewa panya kwa mdomo hayakushusha kitu. Yalipotiwa kwa sindano, panya wakafa kwa maambukizi. Mtu asiye na subira angeyatupa. Yeye aliuliza: Kwa nini wameshindwa na maambukizi? Akaona chembe nyeupe za damu zimepungua sana. Na ikiwa kitu chapunguza chembe nyeupe, huenda kikafaa katika saratani ya damu, ambayo ni kuzidi kwa chembe hizo. Mwaka 1958 yeye na mwenziwe, Charles Beer, walitangaza alkaloidi iitwayo vinblastini. Watafiti wa Marekani walikuwa wakiuchunguza mmea huo huo kwa njia yao, wakatoa na ndugu yake, vinkristini, iliyoruhusiwa kutumiwa huko mwaka 1963. Hata leo vinkristini ni katika nguzo za kutibu saratani ya damu ya watoto, na watoto wengi wamepona ambao zamani wasingalipona.

Sasa pima, ndugu msomaji. Mmea huo una alkaloidi zaidi ya mia moja, na mamia ya kilo za majani makavu hutumika ili kupata gramu moja tu ya hizo zitakiwazo. Vinblastini na vinkristini zenyewe zimetofautiana kwa kipande kidogo tu cha umbo lao, na bado kazi zao na madhara yao si mamoja. Vinkristini hutiwa katika mshipa wa damu peke yake. Ikitiwa kwa makosa katika uti wa mgongo, aghlabu mgonjwa hufa.

Basi mwenye saratani anayekunywa kikombe cha majani haya hapati dawa ya saratani, kwani iliyomo ni chache mno. Na mwenye kisukari anayeyanywa na kuacha sindano yake amejiweka baina ya hasara mbili: sukari yake haina mlinzi, na mwili wake waingiwa na vitu mia asivyovijua. Na mbaya zaidi ni kwamba akizidiwa, hamwambii daktari alichokunywa.

7. KILA MTI NA NJIA YAKE

Wala mtu asidhani kwamba kila dawa ya mti ni alkaloidi, ikatolewa kwa chokaa na asidi. Dawa mseto tuitumiayo leo kwa malaria, ambayo imechukua mahali pa kwinini, imetokana na mmea wa Kichina, na dawa yake, artemisinini, si alkaloidi na huharibiwa na moto. Bibi Tu Youyou wa Beijing na wenzake walikuwa wakishindwa kuipata. Akarejea kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akaona humo kwamba mmea huo huloweshwa katika maji na kukamuliwa, hapakutajwa kuchemsha. Akafahamu, akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo la digrii 35, na kufikia mwaka 1972 walikuwa wameipata safi. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Hakuiabudu karatasi ya kale, wala hakuidharau. Aliisoma, kisha akaijaribu.

Na hii si njia ngeni kwa umma wetu. Al-Biruni aliandika kitabu cha dawa akikusanya majina yake kwa lugha nyingi, ili mtu asiuziwe mti mmoja kwa jina la mwingine. Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 1248, alisafiri nchi kwa nchi akiitazama mimea kwa macho yake, akaandika juu ya dawa kiasi cha 1400. Watu wa Ulaya walilichukua neno letu al-qali pamoja na bidii ya kupima. Sisi tumebaki na fahari ya neno, na mizani tumeiweka chini.

8. YATUPASA TUFANYE NINI?

Kwanza, mwenye homa na apimwe damu kabla ya kunyweshwa chochote, khasa mtoto mdogo na mwanamke mwenye mimba. Malaria kali haingoji.

Pili, anywaye dawa ya miti na amwambie daktari, amtajie mti kwa jina na ampelekee jani lake ikiwezekana. Kuficha si haya, ni hatari.

Tatu, waganga wetu wenye ujuzi wa kweli wasiende na ujuzi wao kaburini. Nairobi iko KEMRI, yenye kituo cha kuchunguza dawa za asili, na Dar es Salaam iko Taasisi ya Dawa Asilia ya Muhimbili. Lakini kabla ya kutoa ujuzi, na yaandikwe mapatano ya haki, ili asipatikane Mamani mwingine.

Nne, na hili ndilo kubwa. Wazazi huwafurahia watoto wao wakihifadhi, nasi twafurahi nao. Basi na wafurahie pia mtoto apendaye kemia. Mji wenye watu elfu wa kuusifu mwarubaini na usio na mmoja wa kuupima, siku zote utanunua dawa yake kwa wengine, na mara nyingine dawa hiyo imetoka katika ua lililo mlangoni pake.

MASWALI YA DARSA

1. Chokaa hufanya kazi gani katika tambuu, na katika unga wa gome la mkwinini?
2. Kwa nini konzi mbili za gome zenye uzito mmoja zaweza kuwa na nguvu mbalimbali?
3. Taja maswali manne ya mchambuzi. Ni lipi lenye kuokoa roho, na kwa nini?
4. Jirani yako ameacha sindano ya kisukari na anakunywa majani. Utamwambia nini bila ya kumvunjia heshima?